Pilote Iliyosema Au Revoir Bila Kurudisha Vyombo

Yai lililooza linaweza kukaa kimya siku nyingi, limejifanya yai kama mayai mengine. Lile la Mama Mariette lilingoja mpaka likashikwa na Elsa Maliro, saa nne ya asubuhi, siku ya kwanza alipokanyaga nyumba ile mjini Beni, ndipo likapasuka. Maji ya kijani yalimwingia ndani ya mkono wa koti mpaka kwenye kiwiko. Elsa hakupiga kelele. Alifunga macho, akafunga mdomo, akatoka nje polepole kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa, akatapika nyuma ya mgomba. Alipomaliza akaomba sabuni. Alipopewa sabuni akaomba nyingine, maana ile ya kwanza ilikuwa na unywele.

Sisi watu wa Butembo tuna mafundi wa ordinateur, yaani kompyuta, wengi, na wote wanawashinda wa kwingine, jambo hilo halina haja ya ubishi. Lakini fundi mwenye pua kama ile tunaye mmoja tu, na anakaa mtaa wa Kimemi. Ukimletea ordinateur, hataigusa kwanza. Ataizunguka. Atatoa kichupa cha pombe ya hospitali na kitambaa cheupe, apanguse clavier kitufe kwa kitufe, huku akikutazama wewe mwenye mali kana kwamba ndiwe uliyenyea pale. Kuna mchuuzi mmoja alileta yake na mende wakatoka watatu, wakafuatana kama familia inayokwenda misa. Elsa alimrudishia na kumwambia aende kwa fundi wa vyoo. Bwana yule alikasirika, akaondoka, na kesho yake akarudi na masini imesafishwa. Watakwenda wapi? Wenzake wanatengeneza masini. Elsa anaitengeneza na kukuaibisha, na watu wanapenda hivyo.

Basi mwanamke wa namna hiyo ndiye aliyeitwa aende Beni kuangalia kabati iliyojaa mayai mabovu.

Mama Mariette alikuwa mjane mwenye couveuse, yaani kabati ya mbao ya kutotoa vifaranga bila kuku. Ndani mlikuwa na trei nane zilizokaa moja juu ya nyingine kama mnara, taa kubwa za kutia joto, na chuma kilichouinamisha mnara wote mara kushoto mara kulia, ili mayai yageuke kama vile kuku anavyoyageuza kwa mdomo. Juu ya kabati ilikaa ordinateur ya zamani, na ndani yake kadi moja iliyopima joto na kuwasha au kuzima taa. Kadi ile iliundwa na Melchior, kijana mwenye diplôme mbili na viatu vinavyong'aa. Melchior ndiye aliyeandika pia pilote yake, ile programu ndogo inayojua kuongea na kadi, maana ordinateur yenyewe haijui lugha ya vitu vya Melchior.

Kadi hiyo ilikuwa na ugonjwa. Kila baada ya siku saba au kumi hivi, batri za paneli za jua zikichoka, ilikuwa bubu. Dawa aliyoiacha Melchior ilikuwa mistari miwili: wa kwanza unaondoa pilote, wa pili unairudisha, na kadi inaamka. Mama Mariette aliiandika kwenye kipande cha carton, akakitundika pembeni ya rozari. Siku ya kumi na tano ya mayai, kadi ikawa bubu. Mama akaandika mstari wa kwanza, na ordinateur nzima ikaganda. Alidhani inafikiri. Akaenda shamba. Aliporudi jioni taa zilikuwa zinawaka tangu asubuhi bila wa kuzizima, na mayai mia tatu yalikuwa yameiva kama ya kula. Lakini yai lililoiva na yai zima yana sura moja. Kwa hiyo aliwasha masini upya, akaendelea kungoja siku tisa nzima, akiyasemesha.

Ndiyo hayo yaliyompasukia Elsa.

Alipokwisha kunawa mikono mara ya tatu, alikaa mbele ya ordinateur, kitambaa kimefungwa puani, akafungua maandishi ya Melchior. Pilote inapoingia inaazima vitu, na anayeazimwa ni noyau, yaani moyo wa ordinateur, mwenye nyumba wa yote. Pilote ya Melchior iliazima nafasi katika mémoire, kumbukumbu ya masini, ya kuandikia joto. Iliazima kengele, ili kadi ikiwa na neno iite. Iliazima saa ya kuamsha, iliyolia kila sekunde taa zikiwa zinawaka na kujitia ufunguo yenyewe, ili taa zitazamwe. Mpaka hapo ni vizuri. Elsa akashuka chini, kwenye sehemu ya kutoka, pale ambapo pilote inapaswa kurudisha kila ilichoazima kabla ya kwenda.

Palikuwa na mstari mmoja tu. Uliandika kwenye écran, kioo cha masini: "Au revoir," yaani kwaheri.

Aliutazama ule mstari kama unavyotazama nzi ndani ya supu uliyokwisha kuinywa nusu. Alipanda juu, akashuka tena, labda kuna kitu alichoruka. Hakuna. Pilote ilikuwa inaondoka, nyumba yake inabomolewa, lakini saa inabaki inalia. Inalia, noyau inakwenda kumwamsha mwenye saa, inakuta shimo, inaanguka humo na ordinateur yote. Na taa, aliyekuwa na kazi ya kuzizima amekwisha aga.

Lazima mjue Elsa alizaliwa na nani, ndipo mtaelewa kwa nini mstari ule ulimchafua moyo kuliko yai. Mama yake, Maman Victoire, ndiye mwenye kurudisha vyombo vya kilio katika mtaa wao. Kukiwa na msiba, nyumba haina viti vya watu mia mbili, haina sufuria za kupikia bugali ya watu mia mbili. Vinaazimwa. Mabenchi ya paroisse, yaani parokia, bâche au turubai ya jirani mwenye depot, sahani za kila mama, na kila mama ametia alama yake chini kwa vernis ya kucha: huyu nukta nyekundu, huyu mistari miwili ya buluu. Kilio kikiisha watu wanaondoka na vilio vyao, na Maman Victoire anabaki. Elsa alikua akigeuza sahani chafu kutafuta nukta, na mafuta ya watu mia mbili yakimfika kwenye mabega. Pua yake ilianzia hapo. Na mtu aliyemchukia kuliko wote ni yule anayekula, anapangusa mdomo, anasema maneno mazuri ya kuaga, na kuacha sahani chini ya benchi.

Alimpigia Melchior simu. Melchior alikuwa amepata bureau, kazi ya ofisini, huko Bunia, na sauti yake ilikuwa na bureau ndani.

"Melchior, pilote yako inatokaka bila kurudisha kitu."

"Inasemaka au revoir, hapana?"

"Inasema."

"Donc iko na heshima. Na mutu wa kwanza kuandika pilote huku kwetu ni nani? Ni miye. Wee endelea kusugua ma clavier."

"Uliacha taa inawaka."

"Ma chère, ukizima masini na kuiwasha, noyau inasahau byote. Nitajisumbua juu ya nini?"

"Mayai haisahauke," Elsa akasema, akakata. Kisha akapangusa simu.

Hasira ile ndiyo iliyomtia matatani. Mayai yaliyooza hayakuwa ya Mama Mariette. Yalikuwa ya akina mama wa upande wa Mbau, waliokimbia vita wakaja mjini na vitu walivyoweza kubeba kichwani, kuku wawili watatu wamefungwa miguu. Kila mmoja alileta mayai yake yatotolewe, na waliposikia harufu walisema basi. Elsa alisimama mbele yao uani, mikono bado inanuka sabuni, akasema: "Mulete tena. Nitaandika pilote yangu. Ikiharibika, museme ni Elsa Maliro." Hakuna aliyemwomba kusema hivyo. Mama Mariette alimtazama kwa mshangao, maana yeye mwenyewe asingethubutu.

Wakaleta. Mia mbili na kumi na mawili, kila mama na trei yake, kila yai na alama ya vernis, nukta na mistari kama ile ya sahani za kilio. Na kuku waliotaga hayo, wengi walikuwa wamekwisha kuliwa, maana watu wana njaa na kuku ni kuku. Kwa hiyo hayakuwapo mengine. Hayo yakifa, hakuna mama ambaye angegonga tena mlango wa Mama Mariette, na couveuse ingekuwa kabati ya nguo.

Kabla hayajaingia, Elsa aliandika pilote mpya, na safari hii sehemu ya kutoka ilikuwa ndefu. Alirudisha kila kitu. Alikipanga kama alivyofunzwa Kimemi. Kwetu, asubuhi ya mwisho ya kilio, cha mkubwa kinatangulia. Mabenchi ya paroisse yanakwenda kwanza, jua bado halijapanda, padri asije akaulizia. Vya jirani vinafuata, na sahani za akina mama mwisho. Hiyo ndiyo adabu, hata mtoto anaijua. Basi katika pilote yake Elsa alirudisha kwanza mémoire, maana ni mali ya noyau mwenyewe, mkubwa wa wote. Kisha kengele. Kisha saa. Na mwisho akazima taa, kama mtu anavyozima taa akitoka nyumbani. Alisoma mara mbili, akaona imependeza. Akaijaribu mara tatu, couveuse tupu na taa zimezimwa, ikatoka na kuingia bila neno. Akarudi Butembo na pikipiki, kidevu juu.

Siku ya kumi na mbili ya mayai, kadi ikawa bubu. Mama Mariette akafuata carton, akaandika mstari wa kwanza. Ordinateur ikaganda. Taa zikabaki zinawaka.

Safari hii mama hakudhani inafikiri. Alishika waya wa taa kwa mikono miwili, akaung'oa ukutani na kipande cha plasta. Halafu akajaza bidons maji ya moto, akazipanga kuzunguka mayai, akafunika blanketi la kitanda chake, ndipo akapiga simu. Hakulaumu. Alisema tu kwamba masini imekataa kuwaka mara mbili, ya tatu ikawaka, na diski inalia kama inasaga mchanga. Elsa alielewa. Huwezi kusema tutazima na kuwasha kila kadi inapolala, maana siku moja ile diski haitaamka. Lazima pilote ijue kutoka. Alimwambia mama arudishe taa na asiguse carton, akapanda pikipiki wakati huo huo, na vumbi lote la barabara ya Beni akalimeza bila kulalamika, ndipo ujue jinsi alivyokuwa amejichukia.

Alikaa mbele ya maandishi yake mwenyewe, na safari hii nzi alikuwa wa kwake. Vitu vyote vilikuwa pale, hakuna kilichosahauliwa. Alihesabu, akahesabu tena. Alisema kwa sauti ndogo kwamba Melchior angalau alikuwa mvivu, lakini yeye alisumbuka usiku kucha kuandika uchafu. Mama Mariette akamwekea chai. Hakuinywa, kikombe kilikuwa na alama ya midomo.

Mchana akaingia Mama Ananie, mke wa catéchiste, mama mkubwa wa mwili na wa cheo, ambaye trei yake ilikuwa ya kwanza kuletwa na mayai yake mengi kuliko ya wote. Alikuja kuona. Nyumba ilikuwa na kiti kimoja kizuri, na Elsa alikuwa amekikalia. Mama Mariette, kwa adabu, akashika mgongo wa kiti na kuanza kukivuta.

"Elsa, mwana wangu, simama kidogo, tupatie mama ya catéchiste kiti."

Alisema simama, lakini mkono wake haukungoja. Elsa alikuwa bado anaandika, na nusu ya matako ilikwisha kuwa hewani. Akadaka meza. Kikombe cha chai kikamwagika. Na hapo hapo, akilini mwake, akamwona mzee Ésaïe.

Ilikuwa zamani, kilio cha baba yake mwenyewe, Elsa ana miaka tisa. Asubuhi ya mwisho watu walikuja kubeba mabenchi ya paroisse, haraka, cha mkubwa kitangulie. Mzee Ésaïe, jirani mwenye usikivu mdogo, alikuwa bado amekaa, ana sahani ya bugali magotini. Walimwambia ainuke. Hakusikia. Wakainua benchi. Mzee akaanguka chali na bugali yake, akavunjika nyonga, na Maman Victoire alilia siku ile kuliko alivyolilia mume. Tangu hapo mama yake alibadili, kimya kimya, bila kumwambia padri. Kwanza alizima moto wa jikoni, ili asije mwingine kutaka chakula. Kisha alisimama mlangoni kukataza wanaoingia. Kisha akangoja mpaka wa mwisho ameinuka, kwa miguu yake, hata kama ni saa sita. Benchi ilikwenda mwisho, ingawa ni ya paroisse.

Elsa aliishi na mwanamke huyo miaka yote, akageuza sahani zake zote, na bado aliandika adabu ya mtaa badala ya akili ya mama yake.

"Nilivuta benchi," akasema, "na saa bado inakaa juu yake."

Mama Ananie aliyekwisha kukaa akauliza saa gani. Elsa alikwisha kuinamia clavier.

Alipangua sehemu ya kutoka na kuiandika upya, na mtu yeyote aliyewahi kufunga kilio angeweza kuisoma. Kwanza taa zizimwe, ndio moto wa jikoni. Kisha kadi iambiwe inyamaze na kengele irudishwe, asiingie mgeni mpya. Kisha saa isimamishwe, na hapo hakuandika "simama" peke yake. Aliandika isimame na pilote ingoje, maana saa inaweza kuwa katikati ya kazi, na kumwambia mtu ainuke si sawa na kuona ameinuka. Mémoire, ndiyo benchi, mwisho kabisa. Ndiyo sababu majaribio yake ya kwanza yalimdanganya: taa zikiwa zimezimwa saa hailii, na benchi tupu unaweza kuivuta hata ukiwa umelewa kasikisi.

Alitumia ujanja huo huo kuiondoa pilote yake mbaya. Alizima taa, saa ikanyamaza, akaiondoa, ikatoka kwa amani. Akaingiza mpya. Akawasha taa, joto likapanda, mnara ukaanza kuinama, na mayai mia mbili na kumi na mawili yalikuwa ndani. Sasa ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, kuiondoa wakati saa inalia.

"Mama, shika waya," akasema.

Mama Mariette alishika waya wa taa, mguu mmoja ukutani kama mtu wa kuvuta ng'ombe. Mama Ananie aliacha kutafuna. Elsa akapangusa kitufe cha mwisho kwa kitambaa, akakibonyeza.

Taa zikazimika. Écran ikakaa sekunde moja bila kitu, sekunde ndefu, kisha alama ndogo ya kuandikia ikarudi na kupepesa, kama kawaida. Hakuna au revoir. Elsa aliifuta hiyo kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Akarudisha pilote, taa zikawaka. Akaiondoa tena. Aliiondoa na kuirudisha mara kumi na moja, na kila mara Mama Mariette hakuuachia waya, mpaka vidole vikafa ganzi na ikabidi kuvifungua kimoja kimoja.

Kadi ikawa bubu tena siku ya kumi na tisa. Mama akaandika mistari miwili ya carton, kadi ikaamka, akaenda shamba.

Siku ya ishirini na moja Elsa alirudi, kwa sababu jina lake ndilo lililowekwa rehani. Akina mama walikuwa wamejaa uani na vikapu. Mlango ulipofunguliwa ilitoka joto na kelele ya vifaranga mia moja sitini na mmoja, na harufu ya manyoya mabichi, maganda na mavi ya kwanza. Watu wengine wangelia kwa furaha. Elsa alifunga kitambaa puani na kusema kwamba hata hai wananuka.

Kila mama alikuwa na trei yake, na juu yake kifuniko cha matete. Ikabaki kugawa. Mama Ananie alisonga mbele, na wote wakampisha, maana ni mke wa catéchiste na trei yake iliingia ya kwanza. Akainama, akashika trei ya chini kabisa ya mnara, kwa mikono yote miwili.

"Mama, acha," Elsa akasema.

"Yangu njo ilikuja ya kwanza, binti."

"Njo maana itatoka ya mwisho. Juu yake kuko batoto ya benzako saba. Ukivuta, banaanguka."

Mama Ananie alinyooka polepole. Kumngojesha mama yule mbele ya watu ni jambo ambalo halijawahi kuonekana. Alimtazama Elsa, akamtazama Mama Mariette apate msaada. Mama Mariette alileta kile kiti kizuri, akakiweka nyuma yake, akakishika imara.

"Ukae, mama," akasema. "Hatutakivuta."

Mama Ananie akakaa. Trei ya juu ilikuwa ya mwanamke mdogo mwenye nukta moja ya buluu, aliyeleta mayai sita ya mwisho kabisa. Walikuwa wametoka vifaranga watano. Elsa alimkabidhi mmoja mmoja, akiwashika kwa vidole viwili, mkono umenyooshwa mbali na mwili, uso umegeuzwa pembeni. Wa tano alimnyea kwenye kidole gumba. Elsa alikitazama kidole kile kwa muda mrefu, akamaliza kugawa trei zote saba zilizobaki, ya Mama Ananie mwisho, ndipo akaomba sabuni.